Oili Iliyokuwa Ikipanda

Nukta alikuwa akiota ndoto ile ile karibu kila alfajiri. Yumo ndani ya nyumba kubwa isiyo na samani, na katika chumba cha mbali mtu anainua kifuniko cha sanduku zito la chuma. Bawaba zinalalama kidogo, kama mtoto anayeamshwa kabla ya wakati. Kisha kimya. Kisha kitu kinamiminwa, kitu kizito kuliko maji na kisicho na haraka ya kufika. Kisha kifuniko kinarudishwa kwa upole, na nyumba nzima inashusha pumzi. Uso wa mtu yule hakuwahi kuuona, wala hakuwahi kuogopa. Aliamka amepumzika, akajitupia shuka begani, akaenda kubandika chai, na maji yalipoanza kuchemka ndoto ilikuwa imekwisha kuyeyuka pamoja na mvuke.

Jina la Nukta alipewa kazini. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa, na kwa miaka kumi na tisa hakikupita mezani pake kitabu, kalenda wala kadi ya arusi kabla hajaitafuta nukta iliyopotea na kuirudisha kwao. Wenzake walimtania kwamba hata akipewa sahani ya wali, ataanza kwa kuitoa punje iliyolala upande. Yeye alicheka nao. Alijua kuwa ni kweli.

Nyumbani waliishi watatu: yeye, baba yake na gari.

Gari lilikuwa na miaka thelathini na minne. Rangi yake hapo zamani ilikuwa samawati. Sasa ilikuwa rangi ya nguo iliyofuliwa mara nyingi na kupendwa vilevile. Baba yake alilinunua enzi akiwa mpima ardhi, akalipakia darubini na miguu yake mitatu, mnyororo na vigingi, akapima nalo karibu nusu ya mitaa ya mji. Majirani bado walimwita Bwana Ramani. Lakini presha ya macho ilikuwa imemla, ikianzia pembeni na kuja katikati, kama karatasi inavyoungua kutoka kingo zake. Kilichobaki kilikuwa mwanga tu, na vivuli vinavyopita ndani ya mwanga kama watu nyuma ya pazia. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi.

Siku mzee alipoikwaruza nguzo ya geti, Nukta alimwomba ufunguo. Hakumnyang'anya, alimwomba. Mzee akautoa mfukoni, akauweka mezani polepole, kama anayeweka chini kikombe cha moto.

"Baba, wewe sasa pumzika," Nukta akamwambia. "Gari niachie mimi. Kila kitu nitafanya."

"Haya, mama," mzee akajibu.

Yalikuwa maneno mawili tu, na Nukta akayapokea kama mkataba uliokwisha kupigwa muhuri.

Kilichobaki kwa mzee kilikuwa Jumamosi. Kwa miguu hakukubali tena kutoka. Nukta alimshika mkono mara moja, hatua arobaini hadi dukani, na mzee akarudi uso umemshuka, akasema mtu aliyeichora mitaa hii hawezi kukokotwa ndani yake kama mkoba. Lakini Jumamosi aliketi kiti cha mbele, dirisha wazi, na hapo aliyeongozwa hakuwa yeye. "Tuta la kwanza hilo," angesema. "Sasa tunateremka kidogo. Kushoto ukuta wa shule, sikiliza sauti inavyoturudia. Haya, kunja kulia." Na kweli, kulia ilikuwa pale. Alizisoma barabara kwa mgongo, kupitia springi za kiti kile kile alichokikalia nusu ya umri wake. Wakati mmoja walipanda teksi mpya, laini kama godoro. Mzee alinyamaza njia nzima, na waliposhuka alisema tu kwamba gari lile limefungwa mdomo.

Basi mambo yalikuwa hivyo, na yangeendelea hivyo, kama si moshi.

Ulianza kama uzi. Kila Nukta alipowasha, uzi mwembamba wa samawati ulitoka nyuma, ukapanda ukutani ukining'inia katika hewa ya asubuhi kama swali. Baada ya mwezi ulikuwa shuka. Jirani wa upande wa pili akaanza kufunga dirisha lake saa moja kasorobo, kwa adabu, bila kusema neno.

Nukta akalipeleka gari kwa fundi wa familia, aliyeitwa Taratibu. Gereji yake ilikuwa uwanja wa sakafu nyeusi iliyong'aa kwa oili ya miaka, na mbele yake benchi refu la mbao. Desturi yake ilijulikana: hakufungua boneti ya gari la mtu kabla mwenyewe hajakaa kwenye benchi lile na kuulizwa. Alisema gari kuukuu lina maneno mengi kuliko vyuma, na maneno hutangulia. Watu nao walimuuliza yeye, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mmoja alitaka kujua kwa nini lake hupata joto kwenye foleni tu. Akaambiwa feni haizunguki, na barabarani upepo ndio unaomsaidia bila yeye kujua. Mwingine aliuliza kama maji ya bomba yanafaa kwenye rejeta. Akajibiwa yanafaa kwa kufika nyumbani, si kwa kuishi nayo. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba mkanda wake umekatika ghafla. "Mkanda haukatiki ghafla, dada," Taratibu akamwambia. "Ulipiga kelele miezi mitatu, wewe ukawa unapandisha redio."

Kila mahojiano aliyamaliza kwa swali lile lile: na nani mwingine analigusa? Alisema nusu ya magonjwa ya magari makuukuu huletwa na mkono wa pili. Kwenye benchi lile waume walikuwa wameungama, na mashemeji walikuwa wametajwa.

Nukta alipoulizwa hakusita. "Mimi peke yangu."

"Oili unaongeza?"

Akaeleza kuwa baba yake aliacha daftari la gari, limeandikwa kwa herufi za mraba za wapima ardhi, na ndani yake imo kanuni: kila Jumapili nusu kikombe, linakunywa kidogo, kama mwenyewe. Yeye aliifuata kanuni bila kuruka wiki.

Taratibu akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakiangalia kwa muda. Oili ilikuwa imevuka alama ya juu kwa vidole viwili. Akamweleza kwa sauti yake ya chini kwamba oili ikizidi, shafti ikizunguka ndani yake huipiga kama yai, ikawa povu, na povu halilainishi kitu. Inayobaki hutafuta pa kutokea. Hupenya kwenye sili zinazoizuia, hupanda kwenye bomba la pumzi, mwisho huungua. Huo ndio moshi.

Nukta aliona haya zikimpanda hadi masikioni. Miaka yote ile ya kukamata makosa ya watu, naye kosa lake alilibeba kila Jumapili kwa kikombe.

"Daftari liliandikwa gari likiwa na kiu hiyo," Taratibu akasema. "Kiu hubadilika. Usisome daftari, soma kijiti. Injini ikiwa baridi, gari mahali pa tambarare. Kikiwa katikati ya alama mbili, usitie hata tone."

Akapunguza oili, akampa gari. Nukta akarudi nyumbani na somo lake jipya, na wiki ile moshi ukawa tena uzi.

Jumapili iliyofuata alikisoma kijiti: katikati. Hakuongeza kitu. Jumapili ya pili: kwenye alama ya juu. Alidhani amekosea, akakifuta, akarudia. Jumapili ya tatu oili ilikuwa juu ya alama, na yeye hajatia tone. Alisimama pale uani, kijiti mkononi, jua likichomoza kwenye ncha yake. Alikuwa amekisoma kitu mara tatu na bado hakukiamini, na hilo halijawahi kumtokea.

Akarudi gereji. Taratibu hakucheka wala hakumlaumu. Aliinusa oili, akaipaka kwenye karatasi, akaisogezea kiberiti aone kama ina petroli ndani, maana pampu iliyochoka huweza kuvujisha petroli hadi kwenye oili. Hakuona dalili, lakini pampu ilikuwa ya zamani, akaibadilisha kwa tahadhari. Akatazama kama maji yameingia. Oili haikuwa na weupe wowote. Akapunguza tena. Baada ya siku kumi ilikuwa imepanda tena.

Siku hiyo alijilaza chini ya gari muda mrefu hata watu wa benchi wakabishana kama amelala. Alipotoka alifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Dada, kazi hii nina miaka ishirini na sita," akasema. "Nimeona gari linalokunywa oili. Nimeona linalotema. Linalozaa sijaliona."

Benchi likachangamka. Mmoja akashauri liwekwe wakfu. Mwingine akamwomba Nukta alikodishe, wao walete madumu tu. Nukta alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, lakini moyoni alikuwa akianguka, kwa kuwa miezi miwili sasa hawakuwa wametoka Jumamosi hata moja. Mzee alikuwa akikaa chumbani mwake, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye mraba wa mwanga wa dirisha. Alikuwa akipungua. Sauti yake ilikuwa ikipungua, hatua zake kati ya kitanda na choo zilikuwa zikipungua, hata chai alikuwa akiibakiza.

Kisha sili ya nyuma ikaachia. Asubuhi Nukta alikuta dimbwi chini ya gari, jeusi na tulivu, na ndani yake anga nzima na mawingu yake. Taratibu alikuja mwenyewe kuliona. Alisema sili mpya ipo, lakini kama hajui oili inatoka wapi, hiyo nayo itaachia mwezi ujao.

Ndipo Nukta alipouliza swali ambalo kila mwenye gari kuukuu hulifikia siku moja. Linafaa kutengenezwa, au liende?

"Hilo mimi sijibu," Taratibu akasema. "Anayejibu ni yule atakayelikosa."

Aliyejibu alikuwa shangazi. Alikuja Jumatano, dada mkubwa wa mzee, mwenye ulimi usiojua breki, akasimama uani akipunga moshi kwa mtandio ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Hili si gari, kaka, hili ni jiko la kuni," akasema. "Ukitaka kumfukiza mbu mtaa mzima, sawa. Vinginevyo kuna mama mmoja ananunua vyuma chakavu, mtu mwaminifu, mizani yake haina uongo. Nimemwambia aje Jumamosi saa nne."

"Shangazi, hatujaamua," Nukta akasema.

"Ndiyo maana nimewaamulia. Nyinyi wawili mkiachwa, mtalizika na kulifanyia matanga."

Nukta alimtazama baba yake. Alitaka abishe. Zamani angebisha, angemrudishia dada yake neno kwa neno, mpaka wote wawili wacheke. Mzee alipapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba.

"Kama ni la kuuzwa liuzwe," akasema. "Mimi nakwenda wapi?"

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeuliza saa. Shangazi mwenyewe akanyamaza, na kwa shangazi hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Usiku ule Nukta alilala akijua kwamba likitoka gari, baba yake hatatoka tena mlangoni ila kwa kubebwa.

Alfajiri ya Ijumaa ndoto ilikuja kama kawaida, ila Nukta alikuwa macho.

Bawaba zililalama. Kimya. Alikaa kitandani akisikiliza, na kwa kitambo hakujua yuko upande gani wa usingizi, maana chumba kilikuwa chake, na dirisha lilikuwa lake, lakini sauti ilikuwa ya nyumba ile nyingine. Akainuka, akatembea kwa vidole hadi jikoni, akasogeza pazia.

Ua ulikuwa umejaa ule mwanga wa kijivu usiotoka popote. Boneti ya gari ilikuwa wazi, na mbele yake alisimama baba yake, amevaa nguo za kulalia na viatu vilivyofungwa kamba vizuri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia juu ya gari kama mkono ulio juu ya bega la rafiki. Wa kulia ulichomoa kijiti, bila kupapasa, moja kwa moja, kama mtu anayechukua kalamu mfukoni mwake. Akakifuta kwa kitambaa. Akakichovya, akakitoa, akakipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua vidole, akanusa. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomtikisia kichwa mtoto anayeona haya kusema ana njaa.

Kwenye ukingo wa ukuta kulikuwa na kikombe cha kahawa, na chini yake dumu kuukuu ambalo Nukta alikuwa amelisahau stoo, nyuma ya miguu ya darubini. Mzee akajaza kikombe, kidole kikiwa ndani ya ukingo ili kijue kimefika wapi. Akamimina. Hakikudondoka kitu. Akashusha boneti kwa mikono miwili, akaielemea kwa uzito wa mwili wake badala ya kuibamiza, ili asimwamshe mtu.

Nukta hakutoka nje. Alisimama na pazia mkononi mpaka mzee alipokwisha kurudi chumbani. Kuna methali ya kikulacho ki nguoni mwako, nayo ilimjia, akaifukuza. Ile ni ya maadui. Kwa hili lililokuwa uani hakuwa na methali.

Saa mbili alikuwa gereji, kabla ya kazi. Akasimulia yote amesimama. Taratibu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakaa mwenyewe kwenye benchi, mahali pa wateja.

"Nilikuuliza nani mwingine analigusa," akasema.

"Uliniuliza."

"Na hukunidanganya."

"Sikukudanganya. Sikujua tu." Nukta akaketi. Alisema anaweza kulificha dumu. Au alijaze kitu kingine. Au liachwe liuzwe kesho, mzee asijue kamwe kwamba aliyeliua gari lake ni mkono wake mwenyewe.

Taratibu alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri mbele za watu bila kuona haya. "Ukificha dumu, atapata jingine," akasema. "Mkono uliozoea kazi huupi mapumziko kwa kuufichia kikombe. Mlete leo jioni."

"Nitamwambiaje?"

"Hutamwambia. Nitamuuliza."

Walikwenda saa kumi, ndani ya wingu lao. Njiani mzee hakuelekeza kitu. Alishika mlango kwa mkono mmoja, na walipopita tuta la kwanza midomo yake ilitikisika tu. Taratibu alimpokea kwa shikamoo, akamwonyesha benchi kwa kugonga mbao yake mara mbili, mzee akaifuata sauti, akakaa. Watu wa benchi walisogea wakampisha.

Maswali yakaanza tangu mwanzo, kama kwa mteja mpya. Mzee aliyajibu vizuri, na kadiri alivyojibu mgongo wake ulinyooka. Alikumbuka mwaka ambao gasketi ilibadilishwa. Alikumbuka plagi zilizokuwa zikipenda kuchafuka wakati wa mvua, na sauti ya breki kabla hazijaisha, ambayo alisema si kilio bali ni kama mtu anayesaga meno. Mmoja wa wateja alisahau alichokuja kukifuata, akamuuliza mzee kuhusu breki zake mwenyewe, na akajibiwa.

Kisha Taratibu akauliza la mwisho. "Na nani mwingine analigusa, mzee?"

Palikuwa na redio mahali fulani, ikazimwa.

"Mimi," mzee akasema.

Nukta alitazama sakafu. Mzee akaendelea, uso ameuelekeza mbele, palipokuwa na mwanga mwingi zaidi. Alisema siku ya pili baada ya kutoa ufunguo alishuka uani, akapima, vidole havikukuta kitu. "Nikasema, binti yangu ana kazi nyingi, amesahau. Nikaona nitie kidogo, nisimwaibishe. Kesho yake nikakuta tena pakavu. Kila siku pakavu. Nikasema, haya, mtoto ni msomi, mambo ya oili si lazima ayajue. Nitakuwa namfunikia."

"Baba," Nukta akasema, "mimi nilikuwa natia kila Jumapili."

Mzee akageuza kichwa upande wa sauti yake. Ilimchukua muda, na wote waliona muda ule ukipita usoni mwake.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. Akainuka. Goti likagonga benchi, hakulijali. "Twende nyumbani, mama. Huyo wa vyuma anakuja kesho saa nne."

"Kaa kwanza, mzee wangu," Taratibu akasema, bila kupandisha sauti. "Oili mpya vidole haviisikii kwenye chuma laini. Ngoja nikuonyeshe kitu."

Akaenda kwenye gari lililokuwa karibu, akafumba macho mbele ya wote, akachomoa kijiti chake, akakifuta, akakichovya, akakipitisha vidoleni. Akatangaza kwamba gari hili halina oili hata kidogo. Mwenye gari akakichukua kijiti akakitazama. Kilikuwa kimelowa mpaka katikati. Benchi likacheka, na katikati ya kicheko kile mzee akakaa tena.

Taratibu akalifuata gari la samawati, akarudi na kijiti chake, akakibana kwenye jiriwa. Kwa tupa nyembamba akakata mkato mmoja penye alama ya chini na mwingine penye alama ya juu. Kisha akachukua msasa mkali, akaanza kukwaruza uso wa kijiti, kuanzia mkato wa chini na kupanda hadi vidole vinne juu ya mkato wa juu. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Watu walimwangalia kama watu wanaoangalia mvua. Mwisho akakiosha kwa petroli, akakikausha, akamwekea mzee mkononi.

"Pitisha kidole. Chuma kikavu kitakukamata. Palipo na oili utateleza. Anza juu, shuka."

Mzee akasimama. Nukta akainuka ili amwongoze, Taratibu akamzuia kwa jicho. Hatua nane hadi kwenye gari, mkono wake ukiwa mbele kidogo, na gari likamfikia mkononi. Akachovya, akatoa. Kidole kikaanza juu kabisa, kikishuka polepole, kikikwama, kikikwama, na ghafla kikaacha kukwama. Akarudia. Mara ya tatu aliutafuta mkato wa juu kwa ukucha, akaukuta chini mno, umezama.

"Imezidi," akasema. "Fundi, hii imezidi sana."

"Imezidi, mzee."

"Punguza."

Taratibu akapunguza. Alipomwita apime, mzee akasema bado. Akapunguza tena. Bado. Mara ya nne kidole kikateleza katikati ya mikato miwili, na mzee akabaki ameinama vile, kijiti mkononi, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Ungeniambia," akamwambia Nukta, akiwa bado ameinama.

"Na wewe ungeniambia, baba."

"Kweli," mzee akasema. "Wote tulikuwa na adabu mno."

Taratibu alilala na gari lile gereji, au ndivyo watu wa benchi walivyodai baadaye. Alisafisha bomba la pumzi, akafunga sili mpya, na Jumamosi saa tatu alilirudisha mwenyewe, akiomba tu kwamba moshi uliobaki usihukumiwe haraka, kwa maana oili iliyokwisha kuingia bombani lazima iungue yote.

Saa nne shangazi alifika na mama wa vyuma chakavu, mwanamke mpole mwenye mizani begani na sumaku iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Walikuta boneti iko wazi na mzee ameinama.

"Haliuzwi, shangazi," Nukta akasema.

"Jana limefufuka?"

"Lilikuwa limeshiba, dada," mzee akasema kutoka ndani ya boneti. "Kama wewe siku ya arusi yangu."

Shangazi akacheka mpaka akashikilia nguzo ya geti. Mama wa vyuma hakukasirika. Aliligusisha gari sumaku yake, kwa mazoea tu, sumaku ikashika, akaibandua. Alisema chuma hakina haraka, na kwamba yeye nyumba yake inajulikana.

Nukta na baba yake waliondoka wakati jua limepanda. Nyuma yao ulifuata uzi wa moshi, ukachelewa kidogo getini, ukakatika. Mzee alikuwa amefungua dirisha. "Tuta la kwanza hilo," akasema. "Sasa tunateremka." Wakapita ukuta wa shule, na sauti ya injini ikawarudia kutoka kwenye matofali, safi. Akamkunjisha kulia, akamkunjisha kushoto, akamwambia apunguze mwendo penye mfereji, na Nukta akatii kila neno, mikono yake ikiwa myepesi juu ya usukani, jiji lote likipita kwenye vioo kama kitu kinachosimuliwa.

Walipofika palipokuwa na njia panda ya zamani, mzee akasema, "Nyoosha."

Lakini hapakuwa na pa kunyoosha. Katika miezi ile ambayo hawakutoka Jumamosi, watu wa barabara walikuwa wamekuja, wamevunja njia panda, wameweka mzunguko mpana wenye nyasi changa katikati. Nukta aliufuata. Gari likaegemea upande, likaendelea kuegemea, na springi zikamwambia mzee kitu ambacho hakikuwemo kichwani mwake. Akaacha kusema. Mkono wake ukaja mbele, ukashika dashibodi, na Nukta akauona uso ule wa jana benchini ukianza kurudi.

Alipunguza mwendo, akangoja.

"Mama," mzee akasema. "Hapa ni wapi?"

Nukta akamwambia. Akamweleza ukubwa wa mzunguko na nyasi zake. Mzee aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa mgongo.

"Zunguka tena," akasema.

Akazunguka tena. Nyuma yao mtu akapiga honi, akawapita, akatazama ndani kuona ni watu gani hawa.

"Njia ngapi zinatoka?"

"Nne."

"Tuliyoingilia ni moja. Inayofuata itakuwa ile ya sokoni, nasikia mikokoteni. Ya tatu ndiyo ile yetu ya kunyoosha. Na ya nne? Inakwenda wapi?"

"Sijui, baba. Ni mpya. Sijawahi kuipita."

Mzee akaegemea kiti chake, akaupeleka mkono nje ya dirisha, vidole vimefunguka kwenye upepo.

"Basi tuingie hiyo," akasema.